Mihogo ya Usiku Mmoja

Koleta binti Ngollo hakuua mtu. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo ukishuka kwenye treni pale Kigwa ukataja jina lake, hutakosa mtu wa kukuambia, "Ah, yule aliyewamaliza wanaume kwa ugali?" Na anayesema hivyo mara nyingi hata hakuwa amezaliwa. Jaji alitamka kwamba hana hatia, akatamka mchana kweupe, mjini Tabora, mbele ya watu waliojaa mpaka madirishani. Lakini watu wa kijiji chetu walikuwa wameshamhukumu, na hukumu yao haikuwa na rufaa.

Mimi ni wifi yake. Marehemu mumewe, Hilari, alikuwa kaka yangu wa kwanza. Luhende, mmoja wa wale wanne waliokufa, alikuwa kaka yangu wa pili. Kwa hiyo asitokee mtu akaniambia kwamba sijui uchungu wa siku ile. Nilimzika ndugu yangu kwa mikono hii. Na bado nasema Koleta hakuua.

Alikuwa mtu wa Kwihara, kwenye njia ya zamani ya misafara. Babu yake alibeba pembe mpaka Bagamoyo mara tano akarudi na miguu yake yote miwili, na Koleta alijivunia jambo hilo kama vile amebeba yeye. Kaka yangu alimwoa mwaka wa Uhuru. Alifika kwetu, porini kusini ya Kigwa, na mchi wake mwenyewe begani, na mdomo wake. Wiki ya kwanza tu akaniambia, "Wifi, kwenu mnatwanga kama mnaomboleza. Nani kafa?" Nilimnunia siku mbili. Siku ya tatu nikacheka, na tangu hapo tukawa tunatwanga pamoja.

Binti yao Nyamizi alizaliwa mwaka 1967. Mwaka 1971 Hilari akafa kwa homa. Kwa mila zetu mdogo wa marehemu humrithi mjane, na Luhende akajitokeza, ingawa tayari alikuwa na wake wawili. Ilikuwa kwenye pombe ya mtama, watu wamekaa, Koleta akamjibu mbele ya wenzake: "Shemeji, hao wawili wanakulaza nje kila mwezi mchanga, mimi wa tatu utanilaza wapi? Bora nilale na mchi wangu." Watu walicheka mpaka machozi. Luhende mwenyewe alicheka, akamwaga pombe kwenye kanzu. Msimu uliofuata akamlimia Koleta shamba lake lote, na yeye akampikia. Ugomvi wao wote ulikuwa huo. Naueleza hapa kwa sababu kule mahakamani uligeuzwa kitu kingine.

Mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji. Tulikuwa tumetawanyika, kila mtu na mji wake na mihogo yake nyuma ya nyumba. Tukaambiwa tuhamie barabarani, tukae pamoja, tupate shule na maji. Sikukataa shule, na maji nani anakataa? Lakini hatukupewa hata mwezi. Mgambo walikuja na lori, wakaezua paa, tukaondoka na milango vichwani. Kijiji kipya kikaitwa Jitegemee, na mwenyekiti wake akawa Silasi, aliyewahi kuwa karani wa stoo. Silasi alipenda mistari. Nyumba zikae kwa mstari, watu wasimame kwa mstari, mikojo ya watoto nayo angeipanga kama angeweza. Ila mihogo yetu haikuweza kupanda lori. Ilibaki ardhini kwenye mahame, pale tulipohamishwa, mwendo wa saa nzima.

Sasa nieleze mihogo, maana wapo wasomaji wanaojua ile mitamu tu ya kutafuna. Ya kwetu ilikuwa michungu. Tuliipenda kwa sababu nguruwe mwitu hawaigusi. Unaimenya, unailoweka kwenye shimo la maji siku nne mpaka ilainike na kutoa harufu. Ndipo unaitoa, unaianika juani ikauke kabisa. Hayo ndiyo makopa, na hayo ndiyo unayotwanga unga. Siku nne, si tatu. Mtoto wa kike wa miaka sita alijua hivyo kabla hajajua kuhesabu mpaka kumi.

Mwezi wa Novemba tukaambiwa kwamba Jumamosi wanakuja wageni wa wilaya kuona shamba la tumbaku la kijiji. Mahindi ya msaada hayakuwa yamefika, na ghala lilikuwa na panya peke yao. Kulikuwa na zamu ya kuwapikia wanaofanya kazi shambani, na wiki ile zamu ya chungu ilikuwa ya Koleta. Alhamisi tukaenda kwenye mahame, wanawake kumi na mmoja. Tukachimba, tukamenya, tukaloweka kwenye shimo karibu na kijito. Koleta alisema wageni tutawapa uji wa mtama, makopa yataliwa wiki ijayo.

Ijumaa asubuhi tukiwa pale kijitoni tunafua, Silasi akaja na mgambo wawili.

"Koleta, hiyo mihogo itoke leo."

"Mwenyekiti, imeingia jana."

"Kesho wageni wako hapa. Nataka wakute watu wameshiba, wanafanya kazi, wanaimba."

"Wataimba na uji. Hii ni michungu, inataka siku nne."

"Siku nne, siku nne! Hizo siku nne mlikuwa nazo huko porini. Hapa tunakwenda na mpango."

"Mpango wako uloweke wenyewe, mwenyekiti, uone kama utalainika."

Tukacheka. Wanawake kumi na mmoja tukacheka kwa nguvu, na mgambo mmoja naye akaziba mdomo. Silasi hakuwa mtu wa kuchekwa na wanawake. Akawaamuru wale mgambo, wakaingia shimoni na majembe, wakaitupa mihogo yote kwenye majani. Akasema, "Atakayeirudisha majini nitamwandika kwamba anahujumu kijiji." Siku hizo kuandikwa hivyo halikuwa jambo la mchezo. Kicheko kikaisha hapo hapo.

Tukaipasua vipande vidogo, tukaikausha juu ya bati kwa moto, tukaitwanga ingali na unyevunyevu. Koleta alikwenda kwake akaleta kibuyu cha mwisho cha mtama, akauchanganya humo ili kupunguza ukali wa ule unga. Mtama wake, wa mtoto wake. Hilo hakuna aliyelisema baadaye. Akaonja unga kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Wifi, bado una uchungu."

"Uchungu utaishia kwenye moto," nikamwambia. Mimi ndiye niliyesema hivyo.

Jumamosi wanaume walikula kwanza, bandani, kama desturi yetu. Sisi tulikaa nje na chungu, tukingoja wamalize. Walikuwa wamelima tangu alfajiri na njaa ya miezi, wakala kwa kasi. Hatujaanza kujipakulia, Luhende akatoka, akashika nguzo ya banda, akasema dunia inazunguka. Akatapika, akaanguka. Nyuma yake wakatoka wengine wanayumba kama walevi. Jua la saa tisa wanne walikuwa wamekufa. Kumi na tisa walitapika wakapona. Wageni walikuta vilio. Silasi alikwenda kuwapokea huko barabarani kabla hawajashuka garini, na alichowaambia sikukisikia, lakini polisi walipokuja hawakumuuliza mtu. Walikwenda moja kwa moja kwa Koleta.

Nyamizi alikuwa na miaka saba. Aliishika khanga ya mama yake mpaka askari akamfungua vidole kimoja kimoja. Koleta akaniambia kutoka garini, "Wifi, nitunzie mtoto. Jumatatu nitarudi, nikishawaeleza."

Jumatatu! Alikaa rumande mwaka mmoja na miezi minane.

Jina lake lilitangulia kila mahali. Magazeti yaliandika. Wapiga ngoma walimtungia wimbo. Mwanamke akichelewesha chakula, mumewe alisema, "Au leo umepika cha Koleta?" na watu wakacheka. Na yale maneno ya pombeni, ya kulala na mchi, yakawa yamegeuka. Sasa ilisemwa kwamba alimwapiza Luhende, kwamba alimtishia, "Utaniona." Tena wakauliza, kama hakutia sumu, mbona yeye mwenyewe hakula? Waliouliza hivyo ni wanaume ambao hawajawahi hata siku moja kumwacha mke ale kabla yao.

Kesi ilisikilizwa mwaka 1976, katikati ya kiangazi. Niliitwa kuwa shahidi wa serikali. Mwendesha mashtaka aliniuliza maswali manne. Nani alipika? Koleta. Nani alichanganya unga? Koleta. Alimkataa ndugu yako? Alimkataa. Alikula chakula kile? Hakula. Majibu manne, kila moja kweli tupu, na ukiyaweka pamoja ni uongo wa kumnyonga mtu.

Kisha akasimama wakili wake, Bwana Jaffer, ambaye mahakama ilimpangia kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kuweka wakili. Alikuwa mtu wa Tabora, Kiswahili chake safi kuliko cha mwendesha mashtaka. Alikuwa ameshinda sokoni wiki nzima akiwauliza wauza makopa, mpaka wakamfukuza kwa sababu anauliza hanunui.

"Mama, mihogo hii ilikaa majini siku ngapi?"

"Usiku mmoja."

"Na inavyotakiwa?"

"Siku nne."

"Nani aliitoa?"

Silasi alikuwa amekaa benchi la pili, kofia juu ya goti. Hakunikunjia uso. Alinitazama tu, kama anavyotazama orodha. Yeye ndiye aliyekuwa anagawa mahindi ya msaada, na nyumbani kwangu kulikuwa na vinywa vinane, pamoja na Nyamizi na watoto wa Luhende.

"Sikumbuki, bwana," nikasema.

Koleta aliniangalia kutoka kizimbani. Hakukasirika. Alinitazama kama unavyomtazama mtu mzima aliyepotea njia ya nyumbani kwake.

Aliyemwokoa ni mzee mmoja wa baraza, mmoja wa wale watatu waliokaa pembeni ya jaji. Aliitwa Mzee Lugembe, wa Puge. Aliomba ruhusa ya kuniuliza.

"Binti yangu, kwenu wanaume na wanawake hula pamoja?"

"Hapana, baba. Wanaume kwanza."

"Na nyinyi mnakula nini?"

"Kinachobaki. Siku nyingine tunakwangua ukoko."

Watu wakacheka. Yule mzee akamgeukia jaji. "Mheshimiwa, nina miaka sabini. Mke wangu hajawahi kula kabla yangu, na mimi sijafa. Kama kutokula kwanza ni ushahidi wa kuua, tufunge wanawake wote kutoka hapa mpaka Nzega, halafu tuone tutapikiwa na nani."

Jaji hakucheka, ila aliandika. Siku tatu baadaye akasema kwamba sumu aliyoikuta mkemia wa serikali ni ya mihogo yenyewe isiyolowekwa vya kutosha, na kwamba hakuna ushahidi kwamba mshtakiwa alikusudia kuua. Akamwachia. Ila nani aliitoa ile mihogo majini, hukumu haikusema, kwa sababu neno la mshtakiwa peke yake halikutosha, na shahidi aliyekuwa analijua alisema hakumbuki.

Koleta alikuja Jitegemee akiwa na kikapu kimoja, amekonda, anakohoa. Alikuja kumchukua mwanawe. Sikumpa. Nilimwambia mtoto ni wa ukoo, lazima wazee wakae, na wakati nasema nilijua kwamba ninajificha nyuma ya wazee. Wakakaa, na kwa kuwa kila kitu cha Jitegemee kilikuwa cha Silasi, kikao nacho kikawa chake.

"Mahakama imemwachia," Silasi akasema, "na sisi tunaheshimu serikali. Lakini kila mtu anajua wakili wa mjini ana ulimi gani. Nashauri apewe kiwanja mwisho wa mstari, na mtoto abaki kwa shangazi yake, kwa usalama wa mtoto."

Wakapiga makofi. Kwa usalama wa mtoto!

Koleta akasimama. "Kiwanja sikuomba. Nimekuja kuchukua mtoto niliyemzaa, na nitaondoka naye leo hii mkisema neno moja tu. Nani aliitoa mihogo majini? Mlikuwapo wanawake kumi. Naomba jina tu."

Wanawake tukatazama vidole vya miguu yetu. Alipita na macho yake kwa kila mmoja, na aliponifikia mimi akaniruka. Hakutaka hata kunitazama. Aliniruka kama dimbwi. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira, na sijui mpaka leo kama nilimkasirikia yeye, au Silasi, au nafsi yangu. Nikasimama.

"Ni wewe, Silasi. Ijumaa asubuhi, ulikuja na mgambo wawili, wakaingia shimoni na majembe. Koleta alikuambia siku nne. Ulisema atakayeirudisha utamwandika."

"Mama Kashindye," akaniambia taratibu, "mahakamani ulisema hukumbuki."

"Mahakamani nilisema uongo. Nilikuogopa wewe na mahindi yako. Leo nimechoka kukuogopa. Ukitaka kuniandika, toa daftari. Nilisoma mpaka darasa la nne, nitakusahihishia na herufi."

Mzee mmoja akaguna. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Ni kweli, walitumia majembe." Akasimama wa pili, na wa tatu. Tukawa wanne. Sita wengine hawakuinuka. Nawajua kwa majina, siwaandiki kwa ajili ya watoto wao, lakini wao wanajijua.

Silasi akafunga kikao, akasema jua limekuwa kali. Wazee wa ukoo wakamtoa mtoto saa ile ile bila maneno mengi, kama watu wanaotaka kurudisha kitu cha wizi kabla mwenyewe hajapiga kelele. Na Silasi mnataka kujua alifanywa nini? Baada ya miezi miwili alihamishwa, akapewa cheo kikubwa zaidi mahali pengine. Hakuna aliyemwitia polisi. Hakuna aliyemfungua vidole kimoja kimoja. Watu wanne walikufa, mwanamke alilala sakafuni mwaka mmoja na miezi minane, na yeye alifungiwa mizigo na vijana wa kijiji wakambebea mpaka kwenye gari.

Nilimfungia Nyamizi nguo zake. Mlangoni nikamwambia mama yake, "Wifi, nisamehe."

"Mwaka mmoja na miezi minane," Koleta akasema. "Na mdomo ulikuwa nao wakati wote huo." Akaondoka na mwanawe, kwao Kwihara.

Mavuno ya mwaka uliofuata niliwafuata. Koleta alinikaribisha, akaitikia salamu zangu moja moja, akapika ugali wa mahindi na mlenda wa karanga. Tukakaa kula. Nyamizi, miaka kumi sasa, alikaa mikono mapajani, macho yake kwenye mdomo wa mama yake. Koleta akamega tonge, akatafuna, akameza, kisha akafungua mdomo mtoto auone, kama anayemwonyesha daktari. Ndipo Nyamizi akanyoosha mkono.

"Tangu lini hivi?" nikauliza.

"Tangu siku ya kwanza. Siku tatu za mwanzo hakula kabisa, aliiba mapera kwa jirani." Akanitazama. "Wifi, nani alimfundisha mwanangu hivi?"

Ningeweza kusema watoto wa kijiji. Ningeweza kusema ule wimbo. Lakini nilijua siku na nilijua saa. Ilikuwa mwezi mmoja baada ya maziko ya Luhende, mtoto anamlilia mama yake, anakataa chakula, na mimi na majonzi yangu nikamsukumia sahani nikamwambia, "Kula! Hiki si cha mama yako."

Nikamweleza Koleta vivyo hivyo, mtoto anasikia.

Hakupiga kelele. Alisogeza ugali upande wangu. "Kula, wifi. Au na wewe unasubiri nimeze?"

Nikala. Sikumbuki ladha yake. Hakunifukuza siku ile, wala siku nyingine nilizokwenda, na nilikwenda kila mwaka, lakini kutwanga pamoja hatukutwanga tena. Nyamizi alianza kula bila kusubiri alipofika darasa la tano. Koleta katika shughuli za watu alichota maji, akapasua kuni, akaosha vyombo vya harusi nzima, ila chungu hakukigusa. Wakimwomba alisema, "Mimi nilishapika."

Alikufa mwaka 1984, kwa kile kifua alichotoka nacho rumande. Jitegemee wakaja kwenye msiba na lori zima. Na wawili kati ya wale sita ambao hawakuinuka walikuja, wamejifunga khanga mpya. Chakula kilipikwa na Nyamizi, binti wa miaka kumi na saba, na watu wote wakala, hakuna aliyesita. Mmoja wa wale wawili alikaa karibu yangu, akajipakulia mara ya pili, akaniambia, "Mama Kashindye, marehemu alikuwa mtu mwema sana. Hakuwa na hatia hata kidogo, maskini."

"Ungesema mwaka sabini na sita," nikamwambia.

Akajifanya hakusikia. Akaendelea kula.